Majaruba mawili nyuma ya jiko: mwongozo kamili wa bustani ya mboga inayookoa mahindi ya kaya kijijini

Mwezi wa pili ndio mwezi wenye kijani kingi na chakula kidogo katika vijiji vya Dodoma. Mtama umefika kiunoni, mahindi yanatoa mbelewele, na ghala limebaki vumbi. Nimekulia kijiji kimoja cha Chamwino, na mwezi huo naukumbuka kwa jembe la mama lililotoka alfajiri kwenda kupalilia shamba la mtu mwingine. Ujira wake ulikuwa mahindi, sado moja au mbili, yanayoliwa siku hiyohiyo. Shamba letu lilisubiri. Lilipopaliliwa magugu yalikuwa yameshalinyonya, mavuno yakawa haba, na mwezi wa pili uliofuata ukatukuta palepale.

Mzunguko huo ndio nautolea mwongozo huu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini, na vijijini asilimia 31.3. Hesabu hiyo haiwaonyeshi walio juu kidogo ya mstari, ambao mtoto mmoja akilazwa wanashuka. Kaya ya namna hiyo haianguki kwa pigo moja kubwa. Inaanguka debe kwa debe: mwezi wa saba, bei ikiwa chini kabisa, linauzwa debe la sabuni na daftari, wiki ijayo debe la dawa, kisha debe la kitoweo. Mwezi wa kwanza ukifika, mahindi yaleyale yananunuliwa sokoni kwa bei iliyopanda, au yanakopwa kwa mtu anayetaka kurudishiwa mara mbili.

Bustani ya nyumbani haitakutajirisha, na anayekuahidi hivyo ana kitu anataka kukuuzia. Kazi yake ni kuzuia madebe hayo yasitoke. Inafuta pesa ya kitoweo ya kila siku, inaleta shilingi kidogo wakati wa kiangazi mboga inapokuwa adimu, na shilingi hizo unazigeuza nafaka mapema. Mboga haikai, mahindi yanakaa. Yote yatakayofuata hapa chini, hata kina cha jaruba, yaani tuta la kuzama, yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Naandika kwa mazingira ya Tanzania ya kati, yaani mvua moja ya kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kisha kiangazi kirefu. Ukiwa Kagera au Rungwe, ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima, hesabu ya maji itakuwa nyepesi kwako, ila hesabu ya pesa ni ileile.

Maji kwanza, mbegu baadaye

Bustani nyingi zinakufa mwezi wa nane kwa sababu mwenyewe alihesabu mbegu asihesabu maji. Fanya hesabu hii kabla hujashika jembe.

Siku ya jua kali, mita moja ya mraba ya mboga inahitaji kama lita 5. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linataka lita 25 kwa siku, yaani dumu moja na robo. Matuta mawili ni madumu mawili na nusu. Sasa jiulize: nani atayabeba, kutoka wapi, kwa miezi mitano mfululizo? Kama jibu ni mama mwenye mtoto mgongoni na bomba liko mwendo wa saa nzima, anza na magunia matatu tu, ambayo nitayaeleza, na usione haya.

Kuna maji ambayo tayari yamo nyumbani. Ya kuoshea mchele, mtama na mboga, na ya kunawa mikono kabla ya kula, yote yanafaa. Weka ndoo moja chini ya kichanja cha vyombo, na kila mtu ajue kuwa maji hayamwagwi uani. Yenye povu la sabuni peleka kwenye shina la papai au mgomba, usiyamwage juu ya majani ya kuliwa. Kaya ya watu sita ikizingatia hilo inapata dumu moja kwa siku bila kwenda bombani.

Kama una paa la bati, lipime. Paa la mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30, na mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake inashusha lita 600 kwa siku moja. Tatizo ni chombo cha kuyahifadhi. Simtanki la lita 1,000 lililojaa mwishoni mwa mwezi wa nne linatunza magunia mawili, lita 5 kwa kila moja kwa siku, kwa siku 100, hadi mwanzoni mwa mwezi wa nane. Si haba, lakini usidhani litafika mwezi wa kumi na moja.

Wanaochota kwenye visima vya mchangani korongoni wanajua kwamba kadiri kiangazi kinavyokwenda kisima kinazidi kwenda chini. Wapange kupunguza eneo kuanzia mwezi wa tisa: majaruba mawili yawe moja, moja liwe magunia.

Mahali na uzio

Chagua mahali unapopaona ukiwa jikoni. Bustani iliyo mbali inasahaulika siku ya msiba, siku ya homa, siku ya gulio. Iwe mbali na choo, walau mita 30 na upande wa juu wa mteremko, na ipate jua la asubuhi. Kivuli chepesi cha mchana, kwa mfano cha mlonge au papai, ni faida katika joto la mwezi wa kumi.

Uzio si wa hiari. Kuku watatu wanamaliza kitalu cha wiki mbili kwa dakika kumi, na mbuzi mmoja anamaliza msimu. Chimbia fito kila hatua moja, kisha suka miiba au mabua ya mtama hadi urefu wa kiuno, na chini pasiwe na tundu la kifaranga kupita. Wengi kwetu wanapanda minyaa pembeni, na inashika vizuri hata bila maji. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaumiza vibaya, hivyo usiwaachie watoto kazi ya kuikata.

Kama kiwanja si chako, umepanga, au ni mjane na shemeji wanakitolea macho, lima kwenye magunia na ndoo mbovu. Siku utakayoambiwa uhame, unahama na mboga zako. Nimeona mama mmoja akihamisha magunia yake manne kwa mkokoteni wa punda, na sukuma wiki ikiwa imesimama.

Jaruba la kuzama, hatua kwa hatua

Tuta la kuinuka tunaloliona kwenye picha nyingi ni la nchi ya mvua. Kwetu linakauka kabla ya saa sita. Unachotaka ni jaruba, tuta lililozama chini ya usawa wa ardhi, ili maji yote unayomwaga yabaki na mvua ya ghafla iingie ndani.

Pima mita 1 kwa 5 na uweke kamba. Upana usizidi mita 1, ili ufikie katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Chimba udongo wa juu kina cha jembe moja, kama sentimita 20, na uuweke upande wa kulia. Tifua udongo wa chini kina kingine kama hicho bila kuutoa. Mwaga humo madebe mawili ya samadi iliyooza na uchanganye. Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na madebe mengine mawili ya samadi, lakini usiurudishe wote: usawa wa ndani ubaki chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15. Udongo unaobaki ndio kingo, uupigepige kwa bapa la jembe hadi ushikane. Sawazisha ndani kwa ubao, maana jaruba lenye mteremko linazamisha mboga upande mmoja na kukausha mwingine.

Samadi iwe ya zamani. Unaijua kwa kushika: haina harufu kali, haina joto, inavunjika mkononi kama udongo. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu. Kama zizi la jirani limejaa, mwombe. Wafugaji wengi wanashukuru ukiwapunguzia.

Acha jaruba lipumzike wiki moja ukilimwagia maji kidogo. Magugu yataota, uyang'oe, ndipo upande. Ukishapanda, funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa. Matandazo yanazuia jua lisinywe maji yako, nawe utahisi tofauti kwenye mabega yanayobeba dumu.

Gunia

Chukua gunia la kilo 100, changanya madebe matatu ya udongo na mawili ya samadi. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu na kulijaza tena, hadi gunia lijae na katikati kumebaki nguzo ya kokoto. Maji yanamwagwa juu ya nguzo hiyo ili yafike hadi chini. Bila nguzo, mboga za juu zinanawiri na za ubavuni zinakufa. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, sentimita 20 kutoka moja hadi jingine, pandikiza humo miche ya sukuma wiki au chainizi, na juu weka mitano au sita. Gunia moja linabeba kama miche 30. Lita 5 kwa siku zinatosha, siku za joto kali hadi 10.

Cha kupanda

Usichague kwa tamaa. Chagua kwa makundi matatu.

La kwanza ni zile za haraka. Mchicha unachumwa siku 21 hadi 30 tangu kusia. Changanya mbegu na mchanga, maana ni ndogo na mkono unamwaga nyingi mno. Sia kwenye mistari ya sentimita 20, funika kwa udongo wa unene wa ukucha, na tandaza nyasi hadi zinapochomoza, siku ya nne au ya tano. Hapo ziondoe nyasi jioni, usiziondoe mchana. Ukikata badala ya kung'oa, na kuacha shina lenye vifundo viwili vitatu chini, litachipua tena.

La pili ni zinazochumwa muda mrefu. Sukuma wiki inasiwa kwenye kitalu, inapandikizwa ikiwa na wiki nne hadi sita, na ikishaanza unachuma majani ya chini kwa miezi. Matembele yanapandwa kwa vipande vya sentimita 30, nusu ndani ya udongo, na mengi yanastahimili ukikosa kumwagilia siku mbili. Mnavu, majani ya kunde, mlenda, bamia, yote haya ni ya kwetu na yanajua joto letu. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha, cha World Vegetable Center, kimefanya kazi tangu miaka ya 1990 ya kuboresha mbegu za mboga hizi za asili, na baadhi ya maduka ya pembejeo yanazo. Muulize afisa ugani wa kata.

La tatu ni la siku mbaya, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mwenye bustani akiugua wiki mbili, mchicha wote umekufa. Kwa hiyo panda mlonge miwili, mapapai matatu na mistari michache ya mihogo kwa ajili ya kisamvu. Hivi vinasubiri. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila kufunika, kwa kuwa majani mabichi yana sumu.

Nyanya nimeziacha makusudi. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nyanya ni kamari kwa mtu mwenye majaruba mawili na asiye na pesa ya dawa. Panda miche mitano ya kula, basi.

Zamu ya kusia

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kusia jaruba zima siku moja. Siku ya 25 nilikuwa na mchicha wa kulisha kitongoji, na siku ya 35 sikuwa na jani. Gawa jaruba la mchicha vipande vinne. Sia kipande kimoja kila wiki. Kipande cha kwanza kikiisha, weka samadi kidogo na sia tena. Kwa njia hiyo kuna cha kuchuma kila wiki, na mteja anajua hakukosi.

Kalenda yenyewe ni hii: mwezi wa nne mwishoni, udongo ukiwa bado na unyevu, chimba majaruba na usie kitalu cha sukuma wiki. Wa sita na wa saba ni miezi ya baridi, sukuma wiki na chainizi zinapenda. Kuanzia wa tisa hamia kwenye mchicha, bamia, kunde na matembele. Mvua zikianza mboga za porini zinaota bure na bei inaanguka, kwa hiyo wakati huo usilime ya kuuza. Wakati huo kausha.

Wadudu

Tembea bustanini kila asubuhi na ugeuze majani. Nusu ya kazi ni hiyo. Wadudu mafuta wanakaa chini ya jani, wakinyonya hadi jani linajikunja. Jani lililojaa ling'oe na ulichome. Waliobaki wapulizie maji ya sabuni ya kipande. Sota wanaokata miche usiku wanatafutwa asubuhi kwa kufukua kidogo pembeni ya mche uliolala, na majivu yakimwagwa kuzunguka shina yanasaidia.

Mwarobaini uko kila uwanja Dodoma na hatuutumii. Okota mbegu zake zilizoanguka, zikaushe kivulini, zibangue na uzitwange. Nusu kilo iloweke kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo na upulizie jioni, kwa sababu jua linaua nguvu yake. Rudia kila wiki. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Kula kwanza

Sheria ya nyumba iwe hii: asubuhi kabla ya kuchuma ya kuuza, ya jikoni inawekwa kwenye ungo. Nimeona nyumba ambako mboga nzuri zote zinaenda gengeni na watoto wanakula ugali na chumvi. Mtoto anayeumwaumwa anarudisha pesa yote hospitali. Pika na mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, mwili unachukua vitamini A vizuri zaidi kukiwa na mafuta.

Hesabu ya jaruba moja

Bei hizi ni za mfano, weka za kijijini kwako. Jaruba la mita za mraba 5 la mchicha linatoa mafungu kama 35. Mnakula 10, mnauza 25 kwa shilingi 300, mnapata 7,500. Maji ni lita 25 kwa siku 25, yaani lita 625, tuseme madumu 32. Kama dumu ni shilingi 50 pale bombani, maji yanagharimu 1,600. Mbegu 1,000. Inabaki 4,900, pamoja na mafungu 10 mliyokula ambayo yangewatoa 3,000.

Sasa badilisha kitu kimoja. Bomba limeharibika, maji yanaletwa na mwenye baiskeli kwa 500 kwa dumu. Madumu 32 ni 16,000. Jaruba lilelile, mchicha uleule, na umepoteza zaidi ya 9,000. Ndiyo maana nilianza na maji. Siku maji yanapopanda hivyo, acha majaruba, tunza magunia kwa maji ya jikoni, na usione kama umeshindwa.

Kuuza ni kazi yenye adabu zake. Mama lishe, mwalimu anayeishi nyumba za shule, zahanati, hawa wanataka mboga kila siku kwa saa ileile. Wapelekee kabla ya saa moja asubuhi, ikiwa na umande. Fungu lisipungue leo kwa kuwa jana lilikuwa kubwa. Kuhusu mkopo: jirani akikopa fungu, mwandike mbele yake kwa upole. Asiyelipa la kwanza, mpe la kula kama ana shida, lakini usimwandikie la pili. Ukimpa, mpe kama sadaka ili moyo usibaki na deni.

Makopo matatu

Pesa ya mboga ni ndogo na inakuja kila siku, ndiyo maana inayeyuka. Tafuta makopo matatu yenye mifuniko. La kwanza ni la bustani: maji, mbegu, ndoo iliyopasuka. La pili ni la nafaka. La tatu ni la dharura. Kila jioni gawa: katika kila shilingi 1,000, 300 ziingie la kwanza, 500 la pili, 200 la tatu. Sabuni na chumvi zisitoke kwenye makopo haya. Hizo zitoke kwenye pesa ya kitoweo ambayo sasa hamtumii. Baba na mama wakubaliane mapema, mbele ya watoto wakubwa, kwamba kopo la nafaka halifunguliwi kwa jambo jingine. Nyumba ambayo hili halijazungumzwa, kopo linaliwa.

Kopo la nafaka lina lengo lenye namba. Kaya ya watu sita inakula kama kilo 2 za unga kwa siku. Miezi mitatu ya njaa ni siku 90, yaani kilo 180, karibu magunia mawili. Debe lina kama kilo 17, kwa hiyo unatafuta madebe 11. Tuseme debe mwezi wa saba ni 10,000 na mwezi wa kwanza 18,000: madebe 11 ni 110,000 mwanzoni na 198,000 baadaye. Tofauti ni 88,000, na hakuna biashara ya mchicha kijijini itakayokupa faida hiyo kirahisi.

Njia ya kwanza ya kuyapata ni kutouza yako. Nyumba iliyokuwa inanunua mafungu mawili ya 300 kila siku ilikuwa inatumia 18,000 kwa mwezi. Pesa hiyo ndiyo iliyokuwa inatoa madebe ghalani. Njia ya pili ni kununua debe mojamoja, kopo likijaa, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, usingoje. Mtama na uwele pia ni nafaka, na mara nyingi unashiba kwa bei ndogo. Hifadhi kwenye mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Nafaka ikauke kabisa kwanza, hewa ikamuliwe, kila tabaka lifungwe peke yake. Dumuzi aliyebaki ndani anakosa hewa na kufa. Kisha andika kwa mkaa juu ya mfuko: MWEZI WA KWANZA. Mama yangu alikuwa hajui kusoma ila alijua mfuko upi haufunguliwi.

Mwezi wa kwanza ukifika na mfuko upo, kinachotokea ni hiki: unapalilia shamba lako kwa wakati. Hiyo ndiyo faida ambayo haionekani kwenye daftari la mboga.

Kikundi na mikopo

Kopo la dharura likianza kujaa, ingia kikundi cha kuweka na kukopa. Mtindo huu wa kununua hisa kila wiki na kugawana mwisho wa mzunguko ulianza na wanawake wa Niger mwaka 1991, na kwetu tunaujua kama VICOBA. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na inavitaka visajiliwe. Angalia mambo matatu kabla ya kuingia: sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa kwa sauti kila mkutano, na kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Panga mgawanyo wa mwisho uangukie mwezi wa saba nafaka ikiwa rahisi. Vikundi vingi vinagawana kabla ya Krismasi, na pesa inaishia kwenye nguo.

Msimu wa kwanza usikope kwa ajili ya bustani. Hujui bado jaruba lako linatoa nini. Ukishakuwa na daftari la misimu miwili, kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii. Kama kaya yako imo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, pesa ya ruzuku ndiyo inafaa kununua ndoo na mbegu za mwanzo.

Miche na mboga kavu

Kuna bidhaa mbili ambazo zinalipa kuliko fungu la mchicha. Ya kwanza ni miche. Kitalu cha mita moja ya mraba kinatoa mamia ya miche ya sukuma wiki, na mwezi wa tano kila mtu anaitafuta. Funga kumikumi na majani ya mgomba yenye unyevu, uza jioni ili mteja apandikize jua likizama.

Ya pili ni mboga kavu, hekima ya Wagogo wenyewe. Mwezi wa pili na wa tatu chuma majani ya kunde na mchicha, chovya dakika mbili kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, kamua, tandaza kwenye kichanja chini ya kivuli chenye upepo. Juani yanakauka haraka lakini vitamini A inapotea. Mlenda unakaushwa bila kuchemsha. Vikipiga kelele mkononi kama karatasi, vimekauka. Weka kwenye chungu au mfuko usiopitisha hewa. Mwezi wa kumi, bomba likikauka na gengeni hakuna jani, hicho ndicho kitoweo chako, na ndicho wasafiri wanaokwenda Dar es Salaam wanachopenda kuwabebea ndugu zao.

Mbegu za mwakani

Mwezi wa kumi chagua mashina matatu ya mchicha yaliyokawia kutoa maua na yenye majani mapana, yafunge kitambaa chekundu ili mtoto asiyachume. Yaache yakomae hadi suke likauke. Kata asubuhi, pukutisha kwenye ungo, pepeta, anika kivulini siku tatu. Changanya na majivu makavu, tia kwenye chupa ya maji iliyokauka kabisa, kaza kifuniko, bandika karatasi yenye jina la mboga na tarehe. Itundike mahali pa baridi mbali na moshi wa jiko, mwezi wa nne uichukue.